Ardhi Haimezi Umeme

Mwaka 1936 yalitoka maandishi mawili ambayo ni nadra kuyakuta kwenye rafu moja. Moja lilitoka Amani, kwenye milima ya Usambara, ambako Geoffrey Milne, mkemia wa udongo, alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo. Lilieleza ramani ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki. Jingine lilitoka Marekani kwa Herbert Bristol Dwight, profesa wa uhandisi wa umeme katika chuo cha MIT. Hilo lilikuwa la hesabu tupu: kanuni za kukadiria ardhi itaukinza kwa kiasi gani umeme unaoingia kupitia chuma kilichochomekwa ndani yake. Milne hakuwaandikia mafundi umeme, na Dwight hakuwa na sababu ya kuiwaza Usukuma. Lakini fundi anayepigilia ethi rodi, yaani chuma cha namna hiyo, leo katika kiwanja cha Magu anasimama juu ya kazi za wote wawili, ajue asijue.

Alichokiona Milne katika safari zake za Tanganyika ni kwamba udongo haubadiliki ovyo. Ukitoka kileleni kwenye mawe ukateremka hadi bondeni, aina za udongo hufuatana kwa mpangilio, na ukipanda kilima cha pili mpangilio ule ule hujirudia. Mfuatano huo akauita katena, na neno hilo linafundishwa mpaka leo katika vyuo vya kilimo duniani. Usukuma ni mmoja wa mifano yake mashuhuri. Wenyewe Wasukuma hawakuhitaji kuambiwa, maana kila ngazi ya mteremko ilikwishapata jina na kazi yake. Luseni ni mchanga mwepesi wa juu. Itogolo ni udongo wa chini zaidi unaokauka ukawa mgumu. Ibambasi ni ule mgumu wa magadi unaomshinda mkulima, na mbuga ni udongo mweusi wa bondeni, unaonata kama gundi wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mkulima alijua pa kuweka pamba na viazi, na pa kuchimba majaruba ya mpunga.

Wilaya ya Magu ni kitabu cha udongo huo. Kwa anayetoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, Kisesa bado ni nchi ya majabali ya matale, ndugu wa yale yanayochomoza ziwani pale mjini. Mbele ya Nyanguge ardhi inaanza kulala, na ukikaribia mto Simiyu unaomwaga maji yake katika ghuba ya Speke, weusi wa mbuga unatawala. Kijiji kimoja chenye transfoma moja kinaweza kuwa na nyumba iliyokaa juu ya mwamba, nyingine juu ya mchanga na ya tatu mbugani. Hilo lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Kabla ya kufika huko inabidi tueleze imani moja iliyoenea kutoka ziwani hadi pwani, nayo ni kwamba umeme ukivuja hukimbilia ardhini na kuishia huko.

Imani hiyo ina baba yake, naye ni radi. Katikati ya karne ya 18 Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, alionyesha kwamba radi ni umeme, akawashauri watu waweke chuma chenye ncha juu ya paa na waya wa kuteremka hadi ardhini. Ilifanya kazi, na inafanya kazi hadi leo. Watu wa Ziwa Victoria, ambao mawingu yao ni miongoni mwa yanayopiga radi nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, wana kila sababu ya kuamini kwamba chuma ardhini ni kinga. Ila radi ina jambo lake la pekee. Ugomvi wake ni kati ya wingu na ardhi, kwa hiyo ikifika ardhini imefika inakokwenda. Umeme wa nguzoni hauna ugomvi na ardhi. Umetoka kwenye transfoma, na unatafuta kurudi kwenye transfoma ile ile.

Wa kwanza kulionyesha hilo kwa vitendo hakuwa akifikiria usalama wa mtu. Mwaka 1838 Mjerumani Carl August von Steinheil alijaribu kutumia reli za treni ya Nürnberg hadi Fürth badala ya waya za telegrafu. Jaribio halikufaulu, maana umeme ulivuja kutoka reli moja hadi nyingine kupitia udongo. Mtu mwingine angekata tamaa. Steinheil aligundua kwamba kama udongo unaweza kuvusha umeme kiasi hicho, basi waya wa pili hauhitajiki: peleka ujumbe kwa waya mmoja, uache ardhi iurudishe mkondo. Kwa miongo mingi telegrafu za dunia zilijengwa hivyo, kila kituo na bamba lake la shaba ardhini. Mkondo wa telegrafu ulikuwa mdogo mno, na hilo ndilo lililofanya ardhi ionekane njia nzuri. Ingeombwa kubeba mkondo mkubwa ingekataa.

Umeme wa majumbani ulipoanza, hofu ya kwanza ilikuwa moto. Mwaka 1882 chama cha wahandisi wa telegrafu na umeme cha Uingereza kilitoa kanuni zake za kwanza za kufunga umeme katika majengo, na jina lake lenyewe lilitaja kuzuia hatari za moto zitokanazo na taa za umeme. Kijitabu kilikuwa cha kurasa chache. Mtu kupigwa na umeme hakukuwa hoja kuu. Fyuzi, ambayo ndiyo mama wa sakiti breka, ilizaliwa katika hofu hiyo: waya ukizidiwa mzigo na kupata moto, fyuzi iungue kabla nyumba haijaungua. Kazi yake ilikuwa kulinda waya. Kumlinda mtu kulikuja baadaye, kukabandikwa juu ya kazi ya kwanza, na mpaka leo viraka vinaonekana.

Kiraka cha kwanza kilikuwa hiki. Makampuni ya umeme yaliamua kuunganisha nyutro ya kila transfoma na ardhi. Sababu ilikuwa nzuri: transfoma ikiharibika ndani, volti maelfu za laini kubwa zisivuke zikaingia kwenye waya za majumbani. Kuanzia siku hiyo, hata hivyo, mtu anayekanyaga udongo na kugusa waya wenye moto akawa sehemu ya njia ya kurudi. Kwa hiyo wakasema vyuma vyote vya vifaa vya umeme, pasi, jiko, birika, navyo viunganishwe na ardhi, ili waya ukiachia na kugusa bati la pasi, mkondo mkubwa upite kwenye waya wa ethi, fyuzi ikatike. Wakaleta soketi za matundu matatu. Soketi ya miguu bapa tunayoitumia leo ilipata kanuni yake Uingereza mwaka 1947. Mguu wa juu wa plagi yake umefanywa mrefu kusudi, uunganike na ethi kabla ya miguu mingine na uachane nayo mwisho. Mguu huo huo ndio unaofungua vizibo vya matundu mengine, na ndiyo maana kwetu watu huchokonoa tundu la ethi kwa kalamu au kijiti ili chaja ya miguu miwili iingie.

Hesabu ya mpango huo inategemea kitanzi kizima. Mkondo wa hitilafu hutoka kwenye transfoma, ukafuata waya wa laini hadi kwenye pasi iliyoharibika, ukarudi kwa waya wa ethi, kisha kwa njia yoyote iliyopo hadi kwenye transfoma. Ukinzani wa mduara huo wote ukijumlishwa, ndio unaoamua mkondo utakuwa mkubwa kiasi gani, na ukubwa wa mkondo ndio unaoamua kama fyuzi itakatika kwa kufumba na kufumbua au itakaa tu. Katika miji ya Uingereza mduara ulikuwa wa chuma mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ethi ya nyumba ilifungwa kwenye ganda la risasi la kebo iliyozikwa barabarani na kurejea moja kwa moja hadi kwenye transfoma. Ukinzani wake ulikuwa sehemu ndogo tu ya omu moja. Vijijini, ambako waya zilipita juu ya nguzo, mduara ulikatizwa na udongo. Huko Waingereza wenyewe waliona kwamba fyuzi haikatiki, wakaanza kutafuta kifaa kingine.

Ni mila hiyo ya Kiingereza, yenye nusu yake ya mjini na nusu yake ya shamba, iliyokuja Tanganyika. Umeme wa kwanza nchini uliwashwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1908, kwa karakana za reli na sehemu ya mji. Waingereza waliurithi, na mwaka 1931 wakaukabidhi kwa makampuni mawili, DARESCO na TANESCO. Reli ilikwishafika Mwanza mwaka 1928, na kufuata reli, pamba na maduka ya Wahindi, mji ukapata umeme wa majenereta. Magu haukufika. Kwa kizazi kingine kizima taa ya usiku huko ilibaki koroboi, na karabai kwa mwenye nazo au kwa wavuvi wa dagaa. Serikali huru ilinunua hisa za makampuni yote mawili mwaka 1964 na kuyafanya kuwa moja, na kufikia 1975 TANESCO ikawa mali ya umma kwa ukamilifu. Laini kubwa ya gridi kutoka kusini ilifika Mwanza kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, wakati bwawa la Mtera nalo lilipokuwa likianza kazi.

Wakati huo, jambo la maana zaidi katika historia hii lilikuwa limeshatokea mbali na hapa, katika mji wa machimbo ya dhahabu wa Stilfontein, Afrika Kusini. Katikati ya miaka ya 1950 mhandisi Henri Rubin alitengeneza kifaa cha kukata umeme wa migodini kunapokuwa na uvujaji. Hakikusubiri mkondo mkubwa kama fyuzi. Kililinganisha mkondo unaokwenda na mkondo unaorudi, na kikiona upungufu kilijua kwamba kuna unaopita mahali pasipo pake. Kisha ikaja habari ya msiba wa nyumbani. Mwanamke mmoja wa Stilfontein alikuwa ameuawa na umeme nyumbani. Rubin alikuwa amekifanya kifaa chake kiwe chepesi kuhisi, kikate kwa miliampea 20 hivi, na mwaka 1957 na 1958 mia kadhaa vikafungwa katika nyumba za mji huo. Austria nako, Gottfried Biegelmeier alikuwa akifuata wazo lile lile. Mafundi wetu leo wanakiita RCD, na wengine bado wanakiita ELCB, jina la babu yake wa Kiingereza.

Kwa nini miliampea chache hivyo? Jibu lilikuwa likitafutwa California. Charles Dalziel, profesa wa chuo kikuu cha Berkeley, aliwaita watu wa kujitolea, wanaume 134 na wanawake 28, akawashikisha umeme na kuuongeza kidogo kidogo hadi misuli ikakaza na mkono ukashindwa kuachia. Kwa wastani wanaume walifika miliampea 16, wanawake 10.5. Zaidi ya hapo mtu anang'ang'ania kitu kinachomuua. Sakiti breka ndogo ya ampea 16 inaruhusu mkondo mara 1,000 ya ule wa wanaume bila kushtuka. Sijui kwa nini tarakimu hii haijaandikwa kwenye ukuta wa kila karakana ya ufundi.

Mwaka 1981 Waingereza walitoa toleo la 15 la kanuni zao, wakizifuatanisha na za kimataifa, na hapo kitanzi kikawa sheria ya tarakimu. Soketi ikipata hitilafu, umeme ukatike ndani ya sekunde 0.4, vifaa vilivyofungwa ukutani ndani ya sekunde 5. Majedwali yakatolewa: kwa breka ya ukubwa huu na aina hii, ukinzani wa kitanzi usizidi kiasi hiki. Breka ya ampea 20 ya aina C, kwa mfano, inahitaji mkondo wa ampea 200 ili ikate papo hapo. Gawa volti 230 kwa 200, unapata omu 1.15, na hiyo ni kwa kitanzi chote. Ipo pia mashine ya kupimia. Unaichomeka kwenye soketi, nayo kwa kitambo kifupi mno inapitisha mkondo kutoka laini hadi ethi na kuangalia volti zimeshuka kiasi gani. Zikishuka 5 kwa mkondo wa ampea 20, kitanzi kina omu 0.25. Mashine za kisasa hutumia mkondo mdogo ili RCD isikate katikati ya kipimo.

Sasa turudi Magu. Sheria ya nishati vijijini ilipitishwa mwaka 2005, Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaanza kazi 2007, na kuanzia hapo nguzo zikaingia mahali ambapo hazikuwahi kufikiriwa. Serikali ilihesabu vijiji 12,318 vya Tanzania Bara na kuviendea kimoja kimoja. Ada ya kuunganishiwa kijijini iliwekwa shilingi 27,000, bei ya jogoo wawili watatu. Kwa nyumba ndogo kukawa na UMETA, yaani Umeme Tayari, kiboksi chenye taa, swichi na soketi kinachoondoa haja ya wayaringi ya nyumba nzima. Ni kazi kubwa, na anayeibeza hajawahi kusoma kwa koroboi.

Lakini angalia kinachofika nyumbani. Kutoka nguzoni zinakuja waya mbili, laini na nyutro, hadi kwenye mita ya LUKU. Waya wa tatu hauji. Ethi ni ya mwenye nyumba, aitengeneze mwenyewe kwa rodi yake katika ua wake. Mwenye nyumba anauliza, "Fundi, na ethi je?" Fundi anajibu, "Ethi ipo mzee, nimepigilia rodi pale nyuma ya choo." Mazungumzo huishia hapo. Na hapa ndipo Milne na Dwight wanapokutana.

Chukua rodi ya kawaida ya dukani ya futi nne, yaani mita 1.2, unene wa milimita 16. Kanuni ya Dwight inasema ukinzani wake unategemea zaidi udongo, na karibu wote unakaa katika mita moja mbili za kwanza kuizunguka rodi. Nje ya hapo ardhi ni pana mno, mkondo unatawanyika, haukinzwi tena. Kwa hiyo transfoma kuwa karibu au mbali si hoja kubwa. Hoja ni udongo wa hapo hapo nyuma ya choo. Katika mbuga yenye unyevu, tuseme ya kipimo cha omu-mita 30, rodi hiyo itakuwa na omu 21. Katika luseni ya omu-mita 300 itakuwa na omu 215. Katika changarawe kavu juu ya mwamba wa matale, ya omu-mita 1,000, itapita omu 700. Weka upande wa transfoma omu 10.

Sasa tuseme waya wa laini ndani ya jiko la umeme umegusa bati. Kwenye luseni, mkondo unaopita ni ampea 1 tu, na bati la jiko linasimama kwenye volti 220. Kisesa juu ya mwamba ni theluthi ya ampea, na volti 227. Breka inayosubiri ampea 200 haina habari. Haitakatika leo wala kesho. Waya wa ethi umefanya kinyume cha kilichokusudiwa, maana umeunganisha jiko na friji na kila chuma chenye ethi ndani ya nyumba, na vyote sasa vina moto.

Mtu wa mbugani asifurahi. Kwake mkondo ni ampea 7.4, mwingi kuliko majirani zake, lakini ni sawa na birika la chai, na breka haikatiki kwa birika. Bati lake lina volti zaidi ya 150. Atakachokiona kwanza ni LUKU. Uvujaji wa ampea 7.4 unakula uniti 1.7 kila saa, 40 kwa siku, akalalamika kwamba mita inamwibia kumbe anauuza umeme wake kwa udongo. Ng'ombe akifungwa karibu na rodi ataona kingine. Miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali, volti zinashuka kwa kasi katika mita hiyo moja, na mnyama anasimama juu ya tofauti hiyo akiwa hana viatu.

Na hayo ni makadirio ya wakati udongo una maji. Kuanzia Juni hadi mvua za vuli, mbuga hukauka na kupasuka, na ufa ukipita kando ya rodi, hewa inachukua nafasi ya udongo. Rodi iliyopimwa Aprili si rodi ile ile ya Septemba. Mafundi wanalijua hilo kwa njia yao, ndiyo maana wengine hufukia mkaa na chumvi kuzunguka rodi. Inasaidia kwa muda. Mvua huosha chumvi, na kabla haijaoshwa huwa imeanza kula chuma.

Kuna kipimo cha zamani ambacho fundi hukitegemea: anaunga taa kati ya laini na ethi, ikiwaka anasema ethi ni nzima. Kilikuwa na maana kidogo enzi za globu ya uzi. Globu ya wati 60 ina omu karibu 880 ikiwa imewaka, kwa hiyo ikiungwa na rodi ya omu 70 itang'aa karibu kama kawaida, na kwenye rodi ya omu 700 itakuwa nyekundu nyekundu, dalili ya ubovu kwa mwenye jicho. Siku hizi globu hizo zimeondoka. Taa ya LED ya wati 9 inakunywa makumi machache tu ya miliampea, nayo itawaka vizuri juu ya rodi ambayo haifai kwa lolote. Wakati taa imeungwa, kama waya wa ethi umekatika kabla ya kufika kwenye rodi, vyuma vyote vya nyumba viko kwenye laini kupitia taa hiyo. Mbaya zaidi ni ujanja wa kuunga ethi na nyutro ndani ya soketi. Kipimo chochote kitasoma vizuri, kitanzi kitakuwa chini ya omu moja, breka itakata. Itakuwa hivyo mpaka siku nyutro itakapokatika kule nguzoni kwa upepo wa ziwani, na kila bati la nyumba kupata volti 230 bila kifaa chochote kuharibika.

Wanaofanya hivyo si vishoka wasio na leseni peke yao, ingawa vishoka wamejaa. Kwa kanuni za EWURA kazi hii ni ya fundi mwenye leseni, na anapomaliza anapaswa kuithibitisha kwa maandishi. Kila aliyejenga anajua kwamba kuna anayefunga na kuna anayegonga muhuri, na si lazima wawe mtu mmoja, wala aliyegonga awe ameiona nyumba. Mashine ya kupima kitanzi ni ghali kuliko vifaa vingine vyote vya mfuko wa fundi wa kawaida, na mteja haulizi tarakimu, anauliza taa zitawaka lini. Rodi ilifika Magu miaka mingi kabla ya mashine. Fundi alirithi nusu ya utaratibu wa mwaka 1981, nusu ya kuchimbia, akaachwa bila nusu ya kupima.

Utaratibu kamili kwa nyumba ya rodi mbili, moja kwetu na moja kwenye transfoma, uko wazi. Breka haiwezi kumlinda mtu kwa njia ya udongo, iwe mbugani au juu ya mwamba, kwa hiyo kazi hiyo apewe mtoto wa Rubin. RCD ya miliampea 30 inahitaji tu kwamba bati lisizidi volti 50 kabla haijakata, na 50 ukigawa kwa 0.03 ni omu 1,667. Hata changarawe ya Kisesa inafaulu. Wataalamu hushauri rodi isizidi omu 200, kwa sababu rodi ya omu nyingi haitabiriki na kiangazi kimoja kinaweza kuiharibu. Penye luseni hiyo ina maana ya rodi ndefu zaidi, au mbili zilizoachana na kuungwa pamoja. Mwaka 2008, mwaka ule ule Tanzania ilipopitisha Sheria mpya ya Umeme, Waingereza walipunguza muda wa kukata kwa nyumba za namna hii hadi sekunde 0.2, muda ambao RCD nzima inautimiza kwa urahisi na fyuzi ya mzee wa 1882 haiuoti.

Kwenye uso wa RCD kuna kitufe kimeandikwa T, na maelekezo yanasema kibonyezwe mara kwa mara. Ukikibonyeza inakata kwa mlio, na mwenye nyumba anaridhika. Ndani yake kitufe kinapitisha mkondo mdogo kutoka laini hadi nyutro kupitia kinzani kilichomo humo humo. Mkondo huo hauendi kwenye waya wa ethi, haufiki nyuma ya choo. RCD itakata vivyo hivyo hata kama rodi iling'olewa mwaka jana na wachimba mchanga. Kinachojua kama rodi ipo ni mashine ya kitanzi, na katika nyumba yenye RCD nzima juu ya udongo wa Magu inaweza kusoma omu 40 au 180, tarakimu ambazo fundi aliyesoma majedwali ya mjini ataziona ni za kufeli. Hazijafeli. Atakiwe tu aziandike, pamoja na mwezi aliopimia.